Jumamosi ipi? Namna ya kupanga siku bila kupishana

Chukulia leo ni Jumatano, tarehe 10 Juni 2026. Anayekodisha turubai na viti anamwandikia mteja wake wa mtaa wa Sakina, Arusha: "Dada, viti 150 naleta Sakina Jumamosi ijayo." Dada anajibu: "Sawa kaka." Kwa mmoja hiyo Jumamosi ni tarehe 13, maana ndiyo inayokuja. Kwa mwingine ya tarehe 13 ni "Jumamosi hii", na "ijayo" ni ya tarehe 20. Wote wanaongea Kiswahili safi, ndiyo maana kubishana hakusaidii. Dawa ni moja: taja siku pamoja na tarehe, "Jumamosi tarehe 13". Vikigongana, mwenzako atauliza hapo hapo. Tarehe peke yake haitoshi, kwa sababu kidole kikiteleza ukaandika 14, hakuna kitu cha kukushtua.

"Wiki ijayo" ni mtego zaidi ikisemwa Jumamosi au Jumapili. Ukifuata majina ya siku (mosi, pili, tatu), wiki inaanza Jumamosi, kanisani inaanza Jumapili, ofisini Jumatatu. Mtu akikuambia Jumapili "njoo Jumanne ya wiki ijayo", muulize tarehe bila aibu.

Usiku ndio unaogharimu watu kuliko vyote. Chukua tiketi ya ndege kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) iliyoandikwa 14 Juni, 00:40. Msafiri anamwambia dereva "Jumapili usiku", dereva anakuja Jumapili jioni, na ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Saa 00:40 ya tarehe 14 ni usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa sita na dakika arobaini. Rudi nyuma saa tatu za kuripoti, kisha toa saa nzima ya njiani kutoka Arusha mjini: gari liondoke Jumamosi tarehe 13, saa mbili na dakika arobaini usiku. Neno la kushika ni "kuamkia". Ukisema "usiku wa Ijumaa" tu, kuna wanaohesabu siku kuanzia jua likizama, na kwao huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa.

Upande wa saa, simu inasoma 8:00 na sisi tunasema saa mbili. Tofauti ni sita. Basi la 05:00 linaondoka Moshi saa kumi na moja alfajiri. Usiandike "saa 2:00", kwa sababu anayesoma kwa macho ya simu ataona saa nane. Andika kwa maneno na utaje kipindi: "saa mbili asubuhi".

Wanaopokea wageni waongeze jambo moja. Mmarekani akiandika 03/07, ni Machi 7, siyo tarehe 3 Julai. Mwandikie jina la mwezi kwa herufi. Safari ya siku sita mlimani nayo ni usiku tano tu, basi hesabu ya malazi isizidishwe.

Fundi cherehani akisema "baada ya siku tatu" Jumatano, anaweza kumaanisha Ijumaa (kahesabu na leo) au Jumamosi. Mtondo ni siku inayofuata keshokutwa, ila vijana wengi hawalijui neno hilo, kwa hiyo usilipangie kazi. "Tuonane siku ya soko" Tengeru haitoshi: soko ni Jumatano na Jumamosi. Na "mwisho wa mwezi" kwa mwajiriwa ni siku mshahara unapoingia, kwa mwenye nyumba ni tarehe 30. Kwenye deni andika tarehe.

Siku moja kabla, kumbushaneni. Lakini usitume "kesho" tupu: ujumbe wa saa tano usiku ukisomwa asubuhi, kesho imeshakuwa leo. Tuma hivi: "Kaka, kesho Jumamosi tarehe 13, saa mbili asubuhi, viti 150, Sakina. Nijibu ukiuona."