Kompyuta inakataa paswedi? Usikimbilie kupiga Windows upya

Wadau wa Mbeya, kabla hujabeba mashine hadi kwa fundi wa Mwanjelwa ukaambiwa ipigwe Windows upya na mafaili yote yakaenda na maji, anza na vitu vidogo. Cheki Caps Lock, halafu bonyeza kile kialama cha jicho pembeni ya paswedi uone unachoandika kweli, maana kibodi ikihamia lugha nyingine ile @ nayo inahama na wewe utaapa paswedi ni ileile.

Bado? Kama unaingia kwa imeili, yaani akaunti ya Microsoft, chukua simu ingia account.live.com/password/reset ubadilishe, afu hakikisha kompyuta ina intaneti ndo ujaribu mpya, bila bando haitaijua. PIN ni habari nyingine, hiyo inakaa kwenye mashine yenyewe.

Umeme umekatika kama kawaida yetu na sasa inazunguka tu? Ikifika kwenye skrini ya paswedi, shikilia Shift huku unabonyeza Restart kwenye alama ya Power, nenda Troubleshoot, tafuta Startup Settings, ingia Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya msingi tu. Ikidai zile namba 48 za BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski, mara nyingi ziko kwenye akaunti yako ya Microsoft, fundi hana.