Betri inakufa usiku: pima hivi kabla ya kulaumu kompyuta ya bodi

Jirani yangu hapa Mwanakwerekwe kaniletea gari akiwa ameshaambiwa anunue kompyuta ya bodi nyengine. Kila akiamka betri imekufa, na rimoti inafunga milango siku inayotaka yenyewe. Kompyuta ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa mlango wa nyuma, na tutaufikia. Kwa vile suala hili naulizwa kila mvua za masika zikianza, naandika njia ninayoifuata.

Ujue kwanza kompyuta hii inafanya nini. Gari za zamani, swichi ya taa ndiyo iliyobeba umeme mpaka kwenye balbu au rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Za sasa, swichi inapeleka habari tu, na kompyuta ya bodi ndiyo inayoamua: indiketa zimeke, waipa zende kwa kasi gani, loki zifunge, taa ya ndani izimike polepole, taa uliyoisahau ikatwe. Habari nyengine zinaingia kwa waya wa swichi moja kwa moja, nyengine kwa njia ya CAN, yaani nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta za gari zinasemezana humo. Mfano wake ni sheha, kiongozi wa mtaa: anaamua kwa habari anazoletewa. Akiambiwa mlango uko wazi, na kumbe umefungwa, atakesha.

Na huko kukesha ndiko kunakomaliza betri.

Hatua ya 1: Vifaa

Mita ya dijitali inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya milivolti, bisibisi, kipande cha waya wenye vibanio, tochi. Taa ya kupimia mimi siitumii kwenye nyaya za kompyuta, inavuta umeme mwingi na inaweza kuunguza kinachoendesha waya ule. Vile vidude vya kusoma makosa vya ELM327 vya bei rahisi vinafaa kwa injini. Makosa ya bodi, yale yanayoanza na herufi B, mara nyingi havioni. Kama huna mashine inayoyasoma, endelea na mita tu, kazi itakwenda.

Hatua ya 2: Betri na ethi

Betri iliyojaa na kupumzika isome kama volti 12.6. Kisha washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyengine kwenye bodi ya gari. Ikizidi volti 0.1, safisha ethi kwanza, yaani pale waya wa hasi unapoungana na bodi ya gari. Hewa yetu ya chumvi inakula ethi, khasa gari zinazolala karibu na pwani.

Hatua ya 3: Ilaze gari

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Gari ukiizima, kompyuta hazilali papo hapo. Unaweza kuona ampia kadhaa, zinashuka, zinasimama kwenye miliampia mia na kitu, halafu zinashuka tena. Nyingi zinatulia baada ya dakika 10 mpaka 40. Ukipima dakika ya pili ukasema gari inakula umeme, umepima gari iliyo macho.

Fungua boneti na mlango utakaohitaji ili ufikie fyuzi, halafu kwa bisibisi sukuma ulimi wa loki ya mlango mpaka ujifunge, kama vile umegonga nguzo. Kompyuta itadhani mlango umefungwa na wewe bado una nafasi ya kuingiza mkono. Gari nyengine swichi ya mlango iko kwenye nguzo, si ndani ya loki; hiyo ibane kwa kitu. Teremsha kioo kabisa kabla hujaanza, usije ukajifungia funguo ndani. Na ukimaliza, vuta kishikio kwanza ulimi urudi, ndiyo ufunge mlango. Ukisahau utauvunja.

Funguo ya kisasa iweke mbali, ndani ya nyumba. Ikiwa karibu inaiamsha gari. Mashine ya kusoma makosa ichomoe, nayo inaiweka gari macho.

Sasa mita. Ukifungua hasi ya betri na kuiunga mita papo hapo, umekata umeme na umeurudisha. Kompyuta zote zimeamka upya, na pengine ule ubovu umejificha. Kwa hivyo unganisha kwanza kipande cha waya kutoka hasi ya betri mpaka bodi ya gari, ndiyo uchomoe terminali, halafu weka mita kwenye tundu la ampia 10 sambamba na ule waya. Subiri gari ilale, ndiyo uondoe waya. Usiwashe swichi wala usifungue mlango mita ikiwa imebaki peke yake, fyuzi ya ndani ya mita itaondoka. Kama una mita ya kubana inayosoma umeme wa DC wa chini, shida zote hizi huna.

Chini ya miliampia 50, gari haina neno. Ikibaki miliampia 500, betri ya ampia-saa 45 itakwisha kabisa kwa saa 90, na kuwasha injini kutakushinda zamani kabla ya hapo.

Hatua ya 4: Tafuta tawi la umeme linalokula

“Fundi, si uchomoe fyuzi moja moja tu?” Aka, bwana. Ukichomoa fyuzi unaiamsha kompyuta, na ukiirudisha unaanza kusubiri upya. Fyuzi ndogo zina vitobo viwili juu. Viguse kwa ncha za mita, mita ikiwa kwenye milivolti. Fyuzi ya ampia 10 ina ukinzani wa kama miliomu 7 na nusu, kwa hivyo milivolti 0.4 ni kiasi cha miliampia 50, na milivolti 4 ni zaidi ya 500. Sifuri maana yake tawi hilo limelala. Kabla hujashuku vya kiwandani, angalia vya kuongezwa: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio ya skrini kubwa iliyofungwa kwenye umeme wa moja kwa moja.

Hatua ya 5: Swichi za milango

Gari nyingi za Kijapani, mlango ukifunguliwa swichi inauunga waya na ethi, volti inaanguka karibu na sifuri. Mlango ukifungwa, volti inapanda. Pima upande wa kompyuta, funga na fungua. Ikibaki chini hali mlango umefungwa, chomoa soketi ya ile swichi. Ikipanda, swichi mbovu. Isipopanda, waya umegusa bodi mahali.

Kwa gari ya jirani haikupanda. Nikaikunjua ile mpira ya mkunjo baina ya paa na mlango wa nyuma: ganda la waya limepasuka pale panapokunjika, shaba imegeuka kijani na inagusa chuma. Rimoti nayo ilikataa kufunga kwa sababu hiyo hiyo, mlango “wazi”. Kata kipande kibovu, unga waya laini wa magari mrefu kidogo, choma risasi, vika mpira unaojibana ukipashwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu hapo ni kurudi tena.

Hatua ya 6: Maji

Toyota nyingi zimeipachika kompyuta hii kwenye boksi la fyuzi chini ya dashibodi. Kioo cha mbele kikivuja, maji yanafuata nyaya mpaka hapo. Fungua betri, chomoa soketi, tazama ukijani. Safisha kwa spiriti ya aisopropili na brashi laini, acha ikauke. Msasa hapana, mafuta ya taa hapana.

Kompyuta ya mtumba nunua mwisho kabisa, yenye namba ile ile ya kipuri. Uulize kabla hujalipa nani ataiandikisha rimoti, maana nyengine kumbukumbu zake zimo humo.

Hatua ya 7: Rudisha betri

Kioo cha dereva kinaweza kukataa kupanda chenyewe baada ya betri kufunguliwa. Kwenye Toyota nyingi, kipandishe mpaka juu na uendelee kuivuta swichi sekunde moja au mbili. Kitakumbuka.