Duke na Carolina: namna ya kuitazama mechi mkiwa nyumba moja

Wifi yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Durham, North Carolina. Nilidhani ataniuliza habari za baridi au kodi ya nyumba. Badala yake kaniuliza: "Wifi, hivi ni lazima nichague upande?" Nikamwambia ni lazima, tena achague kabla ligi ya kikapu ya vyuo haijaanza Novemba, maana akichelewa watu watamchagulia.

Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Duke. Kaka yake, yaani baba watoto wangu, alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina, ambacho kule wanakiita Carolina tu. Tuliishi kule miaka minne kwenye fleti kando ya barabara ya 15-501, na kila mwaka kuanzia Februari mpaka mapema Machi ndoa yetu ilikuwa na bendera mbili. Haya namwandikia yeye, na yeyote mwingine anayeelekea huko au anayetaka kuifuatilia mechi hiyo akiwa nyumbani.

Anza na barabara, mpira utafuata. Duke iko Durham, Carolina iko Chapel Hill, na kati yao kuna kama kilomita 16 tu. Watu wa pande zote mbili wanakutana hospitali moja, wanapanga nyumba mtaa mmoja, wanaoana. Enzi zetu kulikuwa hata na basi la wanafunzi lililokwenda na kurudi kati ya vyuo hivyo viwili, na wa huku anaweza kusajili somo la kule. Sisi tuliokulia kwenye habari za Simba na Yanga hatuhitaji kufafanuliwa sana. Huu ni utani wa jadi, na mtani wako hawezi kuwa mtu wa mbali.

Ila ujue kinachouma ni nini. Carolina ni chuo cha umma, kimepokea wanafunzi tangu 1795, na wengi wanaosoma pale ni watoto wa jimbo lenyewe. Duke ni chuo binafsi. Kilihamia Durham mwaka 1892 kikiitwa Trinity, jina la Duke likaja 1924, na wanafunzi wake wanatoka Marekani nzima na nje. Kwa hiyo Mcarolina akikutania, chini ya maneno yake kuna hili: nyie ni wageni hapa. Na mtu wa Duke akijibu, chini yake kuna hili: wageni tumekuja na vikombe. Timu za kikapu za vyuo hivi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1920, Duke ikiwa bado Trinity, na mpaka leo hoja haijaisha.

Kuhusu mavazi nitasema kidogo lakini unisikilize. Duke ni buluu iliyokoza, Carolina ni samawati ya anga. Wiki yangu ya kwanza nilivaa sweta la samawati, nililinunua kwa sababu lilikuwa la bei ya chini. Ndani ya lifti mzee mmoja akaniangalia, akasubiri mlango ufunguke, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, umepotea. Chapel Hill ni kule," akanyoosha kidole. Sweta lile nilimpa mume wangu, akalivaa miaka minne ingawa mikono ilikuwa mifupi.

Utaulizwa pia na wazazi kuhusu jina la timu ya Duke, Blue Devils, yaani mashetani wa buluu. Mama yangu alipoona kofia yangu ina shetani mwenye pembe alitaka kuitia jikoni kwenye moto. Mwambie Blue Devils ni jina la utani la wanajeshi wa milimani wa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Na wale wa Carolina wasikucheke, maana wao wanaitwa Tar Heels, visigino vya lami, kwa sababu zamani jimbo lile lilijulikana kwa lami ya misonobari. Na jambo moja la ulimi: kocha wa Duke wa miaka 42, aliyeanza 1980 na kustaafu 2022, jina lake linaandikwa Krzyzewski na linatamkwa Shashefski. Ukishindwa sema Coach K kama wenzako.

Kuingia uwanjani

Uwanja wa Duke, Cameron, ni mdogo. Ulifunguliwa 1940 na unachukua watu 9,314 tu. Wanafunzi wamewekwa chini, ubavuni mwa uwanja, wamesimama mechi nzima, karibu kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira kutoka pembeni anahisi pumzi zao mgongoni. Kwa sababu nafasi ni chache, wanafunzi wa shahada ya kwanza hulala kwenye mahema nje ya uwanja kwa wiki kadhaa za Januari na Februari kusubiri mechi ya Carolina. Desturi hiyo ilianza 1986. Hema moja ni la watu wasiozidi 12, na wanapokezana zamu, huyu anakwenda darasani, yule analinda nafasi. Usiku wasimamizi wanapita kuhesabu vichwa. Ukihesabiwa haupo, kundi zima linaweza kupoteza nafasi, na hapo urafiki unajulikana.

Wewe wifi hutalala huko, maana shahada ya pili wana utaratibu wao. Mwanzoni mwa muhula wa vuli mnakusanyika kwenye maegesho wikiendi moja, takriban saa 36, mkiwa na mahema, magari, magodoro. Honi inalia wakati wowote, usiku wa manane au mchana wa jua, na inabidi ukimbie kujiandikisha. Mwisho wake wanachezesha bahati nasibu ya kununua tiketi za msimu. Ushauri wangu: viatu usivue. Mimi niliamshwa na honi saa tisa usiku, nikakimbia kwenye changarawe na soksi, na bahati nasibu yenyewe sikupata. Mwaka uliofuata nililala na raba miguuni, nikapata.

Carolina ni rahisi zaidi. Uwanja wao, Dean Dome, ulifunguliwa 1986, umepewa jina la Dean Smith aliyewafundisha kuanzia 1961 hadi 1997, na unaingiza zaidi ya watu elfu ishirini na moja. Wanafunzi wanapata tiketi kwa bahati nasibu. Viti vingi vya karibu ni vya wafadhili, watu wazima wanaokaa chini na kupiga makofi kwa adabu. Nimesema hivyo mbele ya mume wangu mara nyingi na hajawahi kupata jibu zuri.

Macho yaangalie wapi

Kama umezoea NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zingatia haya machache. Wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, wanawake robo nne za dakika 10. Timu ina sekunde 30 za kurusha mpira kuelekea kikapuni. Mchezaji akifika faulo tano anatoka. Mengine utajifunza ukiwa unatazama.

Lakini jambo ambalo hawatakwambia ni hili: mtupo wa mwisho wataurudia kwenye televisheni miaka ishirini, wakati mechi ilishapotea kabla yake, kwenye mitupo huru, ile ya pointi moja moja anayopewa aliyefanyiwa faulo, akiwa amesimama kwenye mstari. Utazame mstari ule. Pale mchezaji yuko peke yake, hakuna anayemkaba, na mtaa mzima unamwangalia.

Mfano wangu ni tarehe 8 Februari 2012, Dean Dome. Tulikuwa sebuleni kwetu, mimi, mume wangu na mzee jirani wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Durham. Carolina wanaongoza kwa pointi 10, zimebaki dakika mbili na ushee. Mume wangu akachukua ufunguo wa gari. Watu wa Carolina wakiifunga Duke hufurika Franklin Street, barabara kuu ya Chapel Hill, na yeye alitaka kuwahi maegesho. Mimi nikaenda kuosha vyombo kwa hasira. Mzee akaniita bila kugeuza shingo: "Rudi ukae. Mwaka 1974 Carolina walikuwa nyuma kwa pointi nane, zimebaki sekunde 17, na hakukuwa na mtupo wa mbali wa pointi tatu enzi hizo. Walisawazisha, wakashinda kwenye muda wa nyongeza." Nikarudi na mikono ya povu.

Duke wakafunga tatu, wakapora mpira, wakafunga tatu nyingine, na pengo likazidi kushuka mpaka pointi tatu. Kisha Tyler Zeller wa Carolina, jitu la karibu mita 2.13, akijaribu kudaka mpira uliokosa kikapu, akaugonga ukaingia kwenye kikapu alichokuwa anakilinda. Zikabaki sekunde kama 14. Zeller huyo huyo akafanyiwa faulo, akaenda kwenye mstari. Yuko kwao, mashabiki wake wamenyamaza kama wako msibani ili asibabaike. Akafunga mmoja, akakosa mmoja: Carolina 84, Duke 82. Mzee akasema, "Basi." Mimi sikuelewa. Mume wangu alielewa, maana alikuwa ameinama kuvaa kiatu cha pili akaacha.

Angefunga yote miwili pengo lingekuwa pointi tatu, na mtupo wa pointi tatu ungesawazisha tu. Austin Rivers akaleta mpira upande wa kulia, akadundadunda mbele ya Zeller aliyebaki kumkaba, akaruka, akaachia, honi ikalia mpira uko hewani. Ukaingia: 85 kwa 84. Mume wangu alibaki na kiatu kimoja mguuni, ufunguo mkononi, mpaka mzee akaaga na kwenda kulala. Hakuna aliyemsemesha. Hiyo nayo ni adabu: dakika kumi za kwanza anayeshinda anafurahi kimyakimya kama wako ndani ya nyumba moja.

Adabu za utani

Tania timu, tania kocha, tania rangi, tania hata chuo chenyewe. Nyimbo zao rasmi na za jukwaani zinapelekana motoni, hakuna anayenuna. Majeruhi usimguse. Februari 20, 2019 kwa tarehe ya kule, tulikuwa tumesharudi nyumbani, tumeamka saa kumi na moja alfajiri kutazama. Haijafika dakika moja, Zion Williamson wa Duke akateleza, kiatu chake kikapasuka, akaumia goti na hakurudi. Carolina wakashinda 88 kwa 72. Mume wangu hakusema neno siku nzima kuhusu kile kiatu, na mimi nilimheshimu kwa hilo kuliko zawadi yoyote aliyowahi kunipa.

Kwa wanaotazama kutoka huku Afrika Mashariki: wakati wa baridi tofauti ni saa nane. Mechi ya saa tatu usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, ya saa kumi na mbili jioni kwao ni saa nane usiku. Katikati ya Machi wanasogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa saba. Usiposogeza kengele yako utaamka ukute kipindi cha pili kinaendelea.

Na muwekeane adhabu mapema, kabla mpira haujarushwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna mwenye akili timamu. Kwetu anayefungwa anapika chai ya asubuhi kwa wiki nzima. Machi 5, 2022, Coach K alicheza mechi yake ya mwisho Cameron, wachezaji wake wa zamani wamejaa pale kumuaga, Carolina wakaja wakashinda 94 kwa 81. Nikapika chai.

Mwezi uliofuata wakakutana tena New Orleans, nusu fainali ya taifa, mara ya kwanza katika historia yao kukutana kwenye mashindano hayo. Ilianza karibu saa kumi alfajiri yetu, Ramadhani imeingia, daku liko mezani mbele ya televisheni. Tulikula huku tumekodoa macho. Zimebaki sekunde chini ya 50, Carolina wakiongoza kwa pointi moja, Mark Williams wa Duke akaenda kwenye mstari wa mitupo huru. Nikamkumbuka mzee wa ghorofa ya juu. Akakosa wa kwanza, akakosa wa pili. Nikasema "Basi" mimi mwenyewe, kabla Caleb Love hajafunga ile pointi tatu yake. Ikaisha 81 kwa 77, na kocha wangu akastaafu kwa kufungwa na jirani.

Chai haikupikika, tumefunga. Mume wangu akasema adhabu haifutwi, inahamishwa. Akanipa orodha: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, samaki wa kukaanga. Akakaa barazani na lile sweta la samawati lenye mikono mifupi, akisubiri magharibi.