Somo: Kuwapa vyeo vya heshima watawa wakuu wa kike katika hadithi yako

Hatua ya 1. Kabla hujachagua neno lolote, amua ukubwa unatoka wapi: umri, elimu, madaraka, au siku ya kuingia utawani. Waandishi wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayobeba hadithi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa, sura ya 63, hufuata kuingia: aliyefika saa mbili asubuhi ni mdogo kwa aliyefika saa moja, awe na umri au hadhi yoyote. Hebu fikiria bibi wa miaka sitini akimwamkia binti wa ishirini!

Hatua ya 2. Tenga cheo cha elimu na cheo cha utawala. Mwaka 1136 watawa wa Disibodenberg, Ujerumani, walimchagua Hildegard awaongoze. Aliitwa magistra, yaani mwalimu, kwa kuwa juu yao alikuwepo abate, yaani mkuu wa monasteri, mwanamume. Cheo kimoja tu, na msomaji anajua mamlaka yake yanakomea wapi. Kwa hiyo, kama monasteri yako ina maktaba, mkuu wa maktaba na mkuu wa nyumba wasiitwe sawa.

Hatua ya 3. Chota kwenye Kiswahili. Mama Mkuu linafaa, ila msomaji ataona konventi ya Kikatoliki papo hapo. Mimi napenda Mwana, cheo cha mabibi waungwana wa pwani. Ndilo lililo mbele ya jina la Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Siti, neno la heshima kwa mwanamke, nalo ni zuri. Tumia vyeo vitatu, visizidi. Msomaji hakariri ngazi saba.

Hatua ya 4. Onyesha cheo kikitumika, usikieleze:

“Shikamoo, Mwana Nyaraka.”
“Marahaba. Wino umekauka?”
“Bado, Mwana.”

Mdogo ametaja cheo kizima mara moja, kisha akakifupisha. Mkubwa hakumwita kwa cheo chochote. Ngazi imeshaonekana.

Maswali ya wanachama

Swali: Naweza kutumia Bibi?
Jibu: Unaweza, lakini wasomaji wengi wa Kenya wataelewa mke. Ukiandikia pande zote, Bi likifuatwa na jina ni salama zaidi.

Swali: Na Nyakanga? Linasikika zito.
Jibu: Ni zito kwa sababu lina kazi yake: huyo ni kiongozi wa makungwi katika jando na unyago. Ukilipachika kwa mtunza vitabu, unaingiza unyago ndani ya monasteri. Litumie iwapo watawa wako kweli huwaweka wali ndani na kuwafunda.

Swali: Wenye cheo kimoja waitane vipi?
Jibu: Dada, au jina tupu wakiwa peke yao. Mbele ya wanafunzi warudie cheo. Halafu siku wakigombana, mmoja amwite mwenzake kwa cheo kizima wakiwa wawili tu chumbani. Hapo huhitaji kuandika kwamba amekasirika.