Namna ya kupata kitu kilichozama baharini kwa kusikiliza mwangwi

Mwezi wa Mei, miaka minne iliyopita, mwenye mashua mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, alinipigia simu. Nanga yake ilikatika kamba nje ya mwamba, kina cha mita 22 hivi. Nikaenda, nikaiona chini kwa kipima kina changu, nikatia alama kwenye GPS na kumshusha mpwa wangu. Ni mzamiaji hodari, lakini alishuka mara tatu na mara zote akaibuka mikono mitupu. Maji ya masika yalikuwa na tope, mtu haoni zaidi ya mita 2 mbele ya uso wake. Mara ya tatu aliposhika ubavu wa mashua aliniambia, "Mjomba, hapa pana mchanga mtupu." Kesho yake tuliipata, mita 11 kutoka pale nilipomshusha. Kosa lilikuwa langu. Nitalieleza mbele, kwa sababu naona vijana wengi wananunua vipima kina siku hizi na kulirudia lile lile.

Kwanza elewa chombo unachokitumia. GPS hufanya kazi juu ya maji tu, kwa kuwa mawimbi ya redio hufia kwenye maji ya chumvi. Mwanga nao hauendi mbali, hasa Kilindini na Likoni. Wakazi wa Mombasa wanakumbuka mwaka 2019, gari lilipotumbukia kwenye kivuko cha Likoni na ikachukua karibu wiki mbili kulitoa, kina cha mita 58. Ndani ya maji yale kinachosafiri vizuri ni sauti. Lakini mashine ya sauti haijui mahali pa kitu. Inajua muda tu: imepiga mlio, mwangwi umerudi, umechukua muda fulani. Umbali tunaupata sisi kwa kuzidisha muda huo na mwendo wa sauti, kisha kugawa kwa mbili, maana sauti imekwenda na kurudi. Mahali tunapapata baadaye, kwa kujua mlio ulitoka wapi na ulielekea wapi. Kazi yote imo humo, na makosa yote yamo humo.

Anza na mwendo wa sauti. Hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Baharini watu hutaja 1500, na vipima kina vingi hutengenezwa kwa hesabu hiyo. Bahari yetu ni ya joto, na sauti hukimbia zaidi katika maji ya joto. Kwa nyuzi 27 na chumvi ya kawaida ya bahari, mwendo ni karibu mita 1539. Maana yake mashine iliyowekwa kwenye 1500 inakuonyesha kina pungufu: penye mita 30 itasoma kama 29 na robo. Kwa mvuvi si kitu. Kwa anayemtuma mtu chini kutafuta kitu kidogo, ni kitu.

Huna haja ya kuamini hesabu yangu. Chukua sahani ya chuma, hata mfuniko wa sufuria kubwa, itoboe matundu matatu na uifunge kamba isiyonyumbuka iliyotiwa alama kila mita. Siku bahari imetulia, ishushe chini ya transdusa, ambayo ndiyo ile sehemu inayopiga mlio, hadi mita 5, kisha mita 10. Pima kutoka kwenye uso wa transdusa, si kutoka juu ya maji; kwenye mashua yangu transdusa imezama sentimita 40, na hizo lazima ziingie kwenye hesabu. Sahani ikiwa mita 10 na mashine inasoma 9.75, umeshajua mashine yako inatumia 1500. Rekebisha kama inaruhusu. Kama hairuhusu, andika tofauti hiyo kwa wino karibu na kioo chake.

Marehemu baba yangu alipima kwa bildi: risasi nzito mwisho wa kamba yenye alama za pima. Chini ya risasi alipaka shahamu, na ikipanda alitazama kilichonasa, mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Mimi bado nina bildi ndani ya mashua, na kila mahali papya naitia mara moja au mbili. Sona, yaani mashine yoyote ya kusikiliza mwangwi kama kipima kina, hukueleza ugumu wa chini kwa nguvu ya mwangwi, mwamba hurudisha mstari mnene na mkali, tope hurudisha mstari uliofifia, lakini bildi hukuletea chembe yenyewe mkononi. Vitu hivi viwili vikikubaliana, endelea na kazi. Vikipingana, tafuta sababu kabla hujamshusha mtu.

Sasa kosa langu. Antena ya GPS ya mashua yangu ilikuwa juu ya paa, karibu na omo. Transdusa iko tezi, nyuma kabisa. Kati yao pana mita 6. Niliona nanga kwenye kioo, nikabonyeza kitufe, na mashine ikaandika mahali pa antena. Juu ya hizo mita 6, GPS ya kawaida hupotea mita 3 hadi 5. Na la tatu, lililo baya zaidi: mlio hautoki kama uzi, hutoka kama koni. Transdusa yenye koni ya nyuzi 20 ikiwa juu ya kina cha mita 22 inamulika duara lenye upana wa karibu mita 8, na chochote kilichomo ndani ya duara hilo huchorwa kana kwamba kiko chini yako moja kwa moja. Jumlisha yote hayo, uone kama mzamiaji asiyeona zaidi ya mita 2 ana nafasi ya kuipata nanga.

Kwa hiyo fanya hivi. Hamisha antena iwe wima juu ya transdusa. Mlingoti mfupi wa bomba watosha. Ukiona kitu, usitosheke na pito moja. Kipitie kutoka kaskazi kwenda kusi, kisha kutoka pwani kwenda bahari kuu, polepole, na kila pito tia alama pale mwangwi ulipo juu kabisa kwenye kioo. Kitu kinapoingia pembezoni mwa koni huonekana mbali, ukikikaribia hupanda, ukikiacha hushuka, ndiyo maana mchoro wake hujikunja kama upinde. Kilele cha upinde ndipo ulipokuwa karibu nacho zaidi. Vilele vya mapito mawili yanayokatana vitakupunguzia eneo mpaka mita chache.

Kuhusu masafa ya mlio, yaani mitetemo yake kwa sekunde, sitasema mengi. Kilohezi 50 huenda kina kirefu na koni yake huwa pana. Kilohezi 200 haifiki mbali sana lakini huchora vizuri zaidi. Ndani ya mita 60 tumia 200.

Kama hujui kitu kiko wapi hata kwa kukisia, kipima kina peke yake kitakuchosha. Hapo ndipo inapofaa sona ya pembeni, ile inayovutwa kwa kebo nyuma ya mashua na kumulika kulia na kushoto. Sisi twaiita samaki wa chuma. Kata eneo lako kwa mistari inayokwenda sambamba, kama mtu anayelima matuta. Ukiiweka imulike mita 30 kila upande, acha mita 25 kati ya mstari na mstari ili picha zipandane, kwa sababu chini kabisa ya samaki wa chuma picha huwa mbovu na lazima mstari wa jirani upafidie. Mwendo uwe noti 3, kama kilomita 5 na nusu kwa saa. Mistari yako ifuate mkondo, usiukate. Mkondo wa ubavuni humpindisha samaki wa chuma na picha huvurugika. Na kumbuka yeye hayuko ulipo wewe: umetoa kebo mita 20 na amezama mita 8, basi yuko nyuma yako kama mita 18.

Kwenye picha hiyo, tafuta kivuli kabla ya kitu, yaani pale nyuma ya kitu ambapo sauti haikufika. Mwamba na chuma vyaweza kung'aa sawasawa, lakini kivuli hakifichi umbo. Tena kivuli kinakupa urefu wa kitu kwenda juu: zidisha urefu wa kivuli na kimo cha samaki wa chuma kutoka sakafuni, gawa kwa umbali hadi ncha ya kivuli. Kivuli cha mita 3, kimo cha mita 6, ncha iko mita 18: kitu kimesimama mita 1. Pahali pazuri pa kujifunzia ni MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi iwe makazi ya samaki. Imelala karibu mita 30 na wazamiaji wengi wa hapa wanajua ilipo. Nenda siku mbili nzima, ipitie kila upande, mpaka uzoee chuma kinavyoonekana.

Ukiwa na kitu unachohofia kupoteza tangu mwanzo, dema za thamani au chombo cha utafiti, kifunge transponda kabla ya kukishusha. Hii ni mashine ndogo inayojibu ukiiita kwa sauti. Uliita, jibu likaja baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukishatoa muda ambao mashine yenyewe huchukua kujibu: umbali ni mita 77. Lakini huo ni umbali wa mshazari. Kama kina ni mita 20, kwa Pythagoras inabaki mita 74 juu ya ramani. Chora duara la mita 74 kuzunguka mahali uliposimama. Sogea, ita tena, chora la pili. Yatakatana mahali pawili. Duara la tatu huchagua moja. Usisimame mara tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka, hutajua kitu kiko upande upi; zunguka. Duara zisipokutana vizuri, jambo la kwanza kushuku ni mwendo wa sauti. Wakati wa mvua mito ya Kombeni na Tsalu huingiza maji baridi, yasiyo na chumvi, ndani ya mkono wa Tudor, nayo hulala juu ya maji ya bahari. Sauti ya mshazari ikipita kati ya matabaka hayo hupinda kuelekea lile ambalo mwendo wake ni mdogo. Sogea karibu zaidi na kitu, uite ukiwa karibu juu yake.

Andika saa kila unapoandika kina. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kina kisicho na saa hakitakusaidia wiki ijayo. Chukua jedwali la maji la Kilindini, uondoe maji ya saa hiyo. Pamoja na namba za GPS andika alama mbili za bara alizozitumia baba: mnara wa msikiti ukiingia nyuma ya mnazi uliopinda, na upande wa pili kona ya hoteli ikigusa ncha ya mwamba. Betri huisha, mnazi haukuhitaji umeme. Ndani ya njia ya meli usivute kebo yoyote bila ruhusa ya bandari. Na ukiona mbao za kale au vigae karibu na Fort Jesus, kumbuka pale ilizama meli ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697. Usiguse, waarifu Makumbusho ya Taifa.

Mzamiaji mshushe maji yakisimama, yanapomaliza kujaa au kupwa, na ikiwezekana siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo. Tupa kwanza risasi yenye kamba na boya juu ya alama yako, kisha pitia na kipima kina uhakikishe risasi na kitu vinaonekana pamoja kwenye kioo kimoja. Vikionekana, mwenzako ashuke kwa kamba hiyo, afunge kamba ya pili ya mita 5 chini kwenye risasi, aishike ikiwa imekaza na azunguke nayo. Siku ya pili kule Nyali, kwa njia hii, mpwa wangu hakufika hata nusu ya duara kabla ya kuipata nanga.

Kwenye daftari langu pameandikwa: saa 4 na dakika 10 asubuhi, mchanga na majani ya bahari, nanga imelala ubavu, kamba imekatwa na matumbawe.