Kupima mifupa, nyama na maini kwenye chakula kibichi cha mbwa

Kosa kubwa huanzia kwenye mzani. Mfugaji anasikia "mfupa asilimia 10", kwenye kila kilo ya chakula anaweka gramu 100 za shingo za kuku, anaona kamaliza. Lakini shingo si mfupa mtupu. Ikiwa na ngozi yake, mfupa ni kama asilimia 36, kilichobaki ni nyama na mafuta. Mbwa huyo anapata mfupa usiofika asilimia 4, na kalsiamu haimtoshi. Kipapatio kina mfupa karibu asilimia 46, mguu wenye kucha karibu 60.

Hesabu inayotumika sana kwa mbwa aliyekomaa ni nyama asilimia 80, mfupa 10, maini 5, na figo au bandama 5. Moyo na firigisi vihesabu kuwa nyama, hata kama muuzaji anaviweka fungu moja na maini.

Tuchukue mbwa wa kilo 20 asiye na kazi nzito. Anakula asilimia 2.5 ya uzito wake: gramu 500 kwa siku, kilo 3.5 kwa wiki. Pima shingo za kuku kilo 1, nyama isiyo na mfupa kilo 2 na gramu 150, maini gramu 175, figo au bandama gramu 175. Nyama ya kichwa cha ng'ombe na moyo zinafaa na hazikaushi mfuko. Gawa mafungu saba, kila fungu lipate kipande chake cha maini. Ukimpa maini yote siku moja ataharisha, na maini yakizidi kwa miezi mingi, vitamini A hurundikana mwilini na kuharibu mifupa.

Halafu angalia mavi kila siku. Yakiwa meupe, makavu, yanavunjika kama chaki na mbwa anajikamua, mfupa umezidi: punguza shingo gramu 200 kwa wiki, weka nyama badala yake. Yakiwa laini na meusi, mara nyingi maini yamezidi au mfupa umepungua. Badilisha kitu kimoja tu, kisha subiri siku tatu au nne.

Mfupa uliopikwa usimpe kabisa, hupasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Mfupa wa mguu wa ng'ombe nao uache, humvunja meno.

Maini na mapafu, yawe ya machinjio ya Vingunguti jijini Dar es Salaam au ya bucha la mtaani, yapasue kabla ya kupima. Ukikuta kifuko cheupe chenye maji maangavu ndani, kikubwa kama punje ya mahindi au kama yai, hicho ni kifuko cha minyoo ya tegu. Mbwa akikila, minyoo hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na mavi, na watoto wanaocheza naye wanaweza kuambukizwa. Ogani hiyo ichome moto au ifukie chini sana, usiitupe jalalani. Kwa Dar es Salaam, ambako umeme ukikatika friza huyeyuka na huwezi kuitegemea iue minyoo hiyo, ni salama zaidi kuchemsha maini, figo na bandama kwa dakika 40 na kubakiza ubichi kwa nyama na shingo. Pima kabla ya kuchemsha, maana hupungua uzito. Dawa ya minyoo ya mbwa iwe na prazikwanteli, kiambato kinachoua tegu.

Kugandisha hakuui salmonela, bakteria wanaoharisha. Yeyushia nyama ndani ya friji, si juu ya meza, na kwa joto la hapa sahani iondolewe baada ya dakika 20 hata kama mbwa hajamaliza. Osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni.

Hesabu hii peke yake haikamilishi lishe: zinki, manganizi, madini joto na vitamini E mara nyingi hupungua. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa kama German Shepherd, usimlishe kwa hesabu hii kabla daktari wa mifugo hajaipitia, kwani kalsiamu ikizidi au ikipungua miguu hupinda wakati bado anakua.