Kuweka Tails kwenye flashi, na cha kufanya Tor ikigoma kuunganisha

Juzi nilikuwa namsaidia dada mmoja mwandishi wa habari kuweka Tails, nikaona bora niandike kabisa maana swali hili linajirudia sana. Tails ni mfumo mzima unaokaa kwenye flashi, unawasha nao laptopu, kila unachofungua mtandaoni kinapitia Tor (mtandao unaoficha unakotoka na unakoenda), na ukizima mashine haibaki alama kwenye diski. Kwa mtu anayeongea na watoa taarifa mimi naipendelea kuliko VPN, yaani huduma ya kupitisha mtandao wako kwenye mashine za kampuni moja. Mwenye VPN anajua wewe ni nani na unaenda wapi, ila Tor inakupitisha kwenye relei tatu, yaani mashine zinazopokezana mawasiliano yako, na hakuna hata moja inayojua yote mawili.

1. Tafuta flashi ya GB 8 kwenda juu isiyo na kitu cha maana, itafutwa yote. Faili lishushe tails.net peke yake, usipokee la kutumiwa Telegram hata na mtu unayemwamini. Palepale kuna kitufe cha kuhakiki faili, usikiruke.

2. Lichome kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Etcher.

3. Washa laptopu kwa flashi. Kitufe cha kubonyeza inapoanza kuwaka, Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9.

4. Kuunganisha Tor. Hapa ndipo watu wanakesha. Utaulizwa uunganishe moja kwa moja au ufiche kwamba unatumia Tor. Kama hakuna wa kumwogopa kwenye mtandao unaotumia, chagua ya kwanza, umemaliza. Ukichagua kuficha utahitaji brija, yaani relei isiyotangazwa hadharani, unaipata kwa kutuma imeili bridges@torproject.org ukitumia Gmail au Riseup, unakopi mstari mzima unaoanza na neno obfs4 (aina ya brija), usiache hata herufi. Sasa unaweza kuweka brija isiyo na tatizo lolote na bado ikagoma, ukabadilisha brija, ukabadilisha bando, wapi! Kagua saa. Windows huhifadhi saa ya hapa kwetu ndani ya mashine, Tails inaisoma kama UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hiyo Dar au Nairobi mashine inajiona iko saa tatu mbele na brija inakataa. Ile njia ya moja kwa moja inajirekebishia saa yenyewe, hii ya kuficha hairekebishi, ndiyo maana mwenzako anapata na wewe hupati. Kwenye dirisha lile lile la kuunganisha kuna sehemu ya kurekebisha saa, chagua kanda yako, hakikisha na tarehe, maana laptopu ya zamani ikifa betri ya saa inarudi miaka ya nyuma huko, halafu jaribu tena brija ile ile.

5. Ukishaingia tumia kivinjari cha Tor Browser, dirisha liache saizi yake, usiongeze viendelezi. Na tafadhali usifungue Facebook au imeili yenye jina lako humo, ukishalogini umejitaja mwenyewe na relei zote tatu haziwezi kukuficha. Ukimaliza zima, chomoa flashi.